Je, wajua kwa nini mrija wa kuzibua njia ya machozi hauachwi jichoni daima?

Kiangazi cha Dodoma kikikolea na upepo ukaanza kuinua vumbi, kila jicho linalotoa machozi hulaumiwa vumbi. Mara nyingi ni kweli. Ila jicho moja likitiririka mwaka mzima, hata mvua zikinyesha, tena kila asubuhi lina tongotongo, huenda njia ya kutolea machozi imeziba.

Vuta kope la chini karibu na pua ukijitazama kwenye kioo, utaona kitundu kidogo mno. Machozi huingia hapo, yakafika kwenye kifuko kilicho kando ya pua, kisha yakateremka kwa mfereji uliomo ndani ya mfupa hadi puani. Ndiyo maana ukilia kamasi hukutoka, na ukitiwa matone ya kloramfeniko uchungu unausikia kooni.

Kwa mtoto mchanga kinachoziba ni utando mwembamba mwishoni mwa mfereji. Karibu watoto 9 kati ya 10 hufunguka wenyewe kabla ya kutimiza mwaka, hivyo mama mwenye mtoto wa miezi minne hana haja ya kukimbilia mrija: aoneshwe kliniki namna ya kukanda pembe ya jicho kuelekea chini, kwa mikono safi. Kwa watu wazima, hasa wanawake waliovuka miaka 40, mfereji huvimba ndani polepole na kubana. Kwetu kanda ya kati kuna pia trakoma, ugonjwa wa macho wa kuambukiza ambao watafiti wamekuwa wakiufuatilia wilayani Kongwa tangu miaka ya 1980. Makovu yake huweza kufika hadi kwenye njia ya machozi.

Sasa mrija. Ni uzi laini wa silikoni unaopitishwa kwenye kitundu cha kope la juu na cha kope la chini, ncha zake zikafungwa puani. Nje huonekana kipande kidogo tu kinachong'aa kwenye pembe ya jicho. Wengi hudhani machozi yatapita ndani yake. Hapana, hupita pembeni. Kazi ya mrija ni kuzuia kuta zisigandamane wakati kidonda kinapona, na kwa kawaida hutolewa baada ya wiki kadhaa hadi miezi sita. Ukikaa mno huweza kuchana kitundu, au nyama changa ikaota kuuzunguka. Miaka ya 1990 madaktari wa Korea Kusini walijaribu mirija ya poliuretani, aina ya plastiki, ya kukaa moja kwa moja. Mwanzoni ilionekana kufaulu, lakini baadaye mingi ilijaa ute na nyama, ikabidi itolewe.

Kwa hiyo matokeo ya miaka mingi hutegemea zaidi hali ya njia yenyewe kuliko mrija. Watoto wengi sana hupona moja kwa moja. Mtu mzima ambaye njia yake imebana tu naye ana nafasi nzuri. Iliyoziba kabisa ndiyo huelekea kuziba tena mrija ukishatoka, na kwa huyo naona ni haki aelezwe mapema kuhusu upasuaji wa kutengeneza njia mpya kutoka kwenye kifuko hadi puani. Mwitaliano Addeo Toti aliueleza mwaka 1904, na hadi leo hufaulu kwa takriban wagonjwa 9 kati ya 10.

Basi ukifika kwa daktari wa macho, muulize: imebana au imeziba? Atajua kwa kusukuma maji kidogo kwenye kile kitundu. Yakifika kooni, utayameza, na hapo njia haijaziba kabisa. Na ukishawekewa mrija usifikiche jicho, hata vumbi likikukera vipi. Kile kipande kikichomoza usikivute wala usikikate. Kibandike kwa plasta kando ya pua, urudi hospitali siku hiyo hiyo.