Mrushaji wa akiba katika besiboli: yanayosemwa na yalivyo

Mrushaji wa akiba ni yule anayeingia kumpokea mrushaji aliyeanza mchezo, na wengi humwona kama mtu aliyeshindwa kuanza. Ni kweli kwamba baadhi yao walianzia huko. Mariano Rivera wa Panama alianza mechi 10 akiwa na timu ya New York Yankees mwaka 1995, kisha akahamishiwa akiba. Alistaafu mwaka 2013 akiwa na sevu 652 (sevu ni alama anayopewa anayelinda uongozi wa timu hadi ushindi), na mwaka 2019 akawa mchezaji wa kwanza kuingia Jumba la Mashuhuri la besiboli kwa kura zote za waandishi. Sababu ya kung'aa akiba iko kwenye kazi yenyewe. Anayeanza hukutana na wapigaji walewale mara mbili au tatu, hivyo anahitaji aina kadhaa za mirusho. Wa akiba kwa kawaida humkabili kila mpigaji mara moja tu, na aina mbili humtosha. Rivera alitegemea zaidi moja: mpira unaokuja kama umenyooka, kisha mwishoni unamgeukia mpigaji wa mkono wa kushoto karibu na mikono yake na kuvunja gongo.

Dhana nyingine ni kwamba kazi ni nyepesi, mirusho 15 tu, basi. Takwimu hazionyeshi yanayotendeka bulpeni, eneo la kupasha misuli. Huko simu ikilia, anaanza kurusha taratibu, mdakaji, yaani anayepokea mirusho, akiwa amesimama. Mdakaji akichuchumaa, anajaribu kila aina ya mrusho, na mwisho anarusha kwa nguvu zote. Hatari ikitulia uwanjani, anaambiwa akae. Awamu ifuatayo (mchezo una awamu 9) anainuliwa tena. Anaweza kupasha mara mbili asiingie kabisa. Kwenye rekodi hakucheza, lakini mkono umechoka. Mzigo wa namna hiyo ukirundikana, kiwiko hulipa. Kano ya upande wa ndani ikichanika, kinachofuata mara nyingi ni upasuaji uitwao Tommy John, uliofanywa mara ya kwanza na Dk. Frank Jobe mwaka 1974, na kurudi kilimani, pale mrushaji anaposimama, huchukua mwaka mzima au zaidi.

Kubwa kuliko zote: mwenye sevu nyingi ndiye bora. Hapa tusidanganyike. Njia ya kawaida ya kupata sevu ni kuingia timu ikiongoza kwa mikimbio (yaani pointi) isiyozidi 3, kurusha angalau awamu moja na kumaliza mchezo kwa ushindi. Anayeingia awamu ya 9 akiwa na uongozi wa mikimbio 3, besi tupu (hakuna mkimbiaji wa wapinzani kwenye vituo), akaruhusu 2, anapewa sevu. Mwenzake aliyeingia awamu ya 7, besi zote zimejaa, uongozi ni wa mkimbio 1, hakuna aliyetolewa, akawatoa watatu na kumaliza awamu bila mtu kupita, hana sevu. Na wastani wa mikimbio anayoruhusu nao unaficha: wakimbiaji aliowakuta kwenye besi wakifika nyumbani, yaani wakipata mkimbio, wanahesabiwa kwa aliyemtangulia. Tazama amewazuia wangapi kati ya aliowakuta.

Kuhusu kuingia kwa ajili ya mpigaji mmoja na kutoka, hilo liliisha mwaka 2020 katika Ligi Kuu ya Marekani: lazima mrushaji akabili wapigaji watatu au amalize awamu, isipokuwa akiumia au kuugua.

Wala kufika Ligi Kuu si kutulia. Kikosi kina watu 26, warushaji wasiozidi 13 kwa sehemu kubwa ya msimu. Kijana aliyerusha mirusho 35 usiku anaweza kuteremshwa ligi ndogo asubuhi ili mkono mbichi upate nafasi, na tangu 2022 anaweza kufanyiwa hivyo si zaidi ya mara tano kwa msimu, hata kama usiku huo hakuruhusu mkimbio hata mmoja.