Mapambo ya mtindo wa zamani kwa mbao chakavu: maana yake nini?

Mapambo ya mtindo wa zamani ni vitu vya nyumbani, kama rafu, fremu ya kioo au meza ya kahawa, vilivyotengenezwa leo kwa sura ya vitu vilivyokaa miaka mingi. Lakini si vitu vya kale vyenyewe. Kasha la njumu za shaba ulilorithi kwa bibi ni kitu cha kale. Rafu iliyopigiliwa wiki jana kwa mbao za dau bovu ni mtindo wa zamani: kazi ni mpya, mbao ndizo zenye umri.

Mbao chakavu ni zile zilizomaliza kazi yake ya kwanza: milango, boriti, mapaleti ya kubebea mizigo na, kwetu Pwani kuanzia Lamu hadi Zanzibar, majahazi na madau yasiyofaa tena kusafiri. Ushike ubao wa dau uutazame vizuri. Rangi imekaa tabaka juu ya tabaka, buluu, chini yake kijani, chini kabisa nyeupe, kila tabaka ni mara moja chombo kilipopakwa upya. Ukingoni bado kuna nyuzi za pamba ya kalafati, ile iliyoziba nafasi kati ya mbao maji yasiingie. Na kila tundu la msumari limezungukwa na doa jeusi.

Doa hilo si uchafu. Chuma cha msumari, kwa unyevu wa bahari, kimekutana na tanini, kemikali ya asili iliyomo ndani ya mti, na kuzaa weusi usiofutika. Anayezeesha mbao mpya hutumia jambo hilohilo. Huloweka stilwaya ya kusugulia sufuria kwenye siki siku moja au mbili, hupaka mbao chai ya rangi iliyokolea ili kuongeza tanini, zikikauka hupaka ile siki. Muda si mrefu zinageuka kijivu. Ni njia halali, ila mimi napenda doa la msumari, kwa sababu limekaa palipokuwa na msumari.

Ndiyo maana sehemu ngumu ya kazi hii ni kuuacha ubao kama ulivyo. Niliwahi kumpelekea fundi ubao wa dau anikatie fremu. Niliporudi jioni, alikuwa ameupiga randa pande zote, unang'aa kama umetoka dukani jana. Alifanya kazi safi kama alivyofundishwa. Kosa langu ni kutomwambia mapema: kata, unga, lakini uso wa ubao usiuguse. Rangi yote ilikuwa imeishia sakafuni, kwenye maranda.

Kwa mapaleti, tafuta mhuri kabla ya kubeba. Herufi HT maana yake mbao zilitibiwa kwa joto, nyuzi 56 za Selsiasi hadi kiini cha ubao kwa dakika 30. Ukikuta MB, zilifukizwa kwa methili bromaidi, sumu ya kuua wadudu. Hizo usiziingize ndani. Ubao wowote unaomwaga unga mwembamba ukiugonga umebunguliwa, uache hukohuko.

Rangi kuukuu nayo huenda ina madini ya risasi. Usiipige msasa mkavu, vumbi lake ni hatari, hasa kwa watoto. Futa kwa kitambaa kibichi, ng'oa misumari iliyolegea, acha ubao ukauke kivulini, kisha paka vanishi isiyong'aa mara mbili ili rangi isibanduke.