Kinachopanga molekuli ndani ya kimiminika ni kusukumana

Nikisema nashughulika na vimiminika watu huwa wanarukia mvutano, eti molekuli zinavutana ndo maana zinakaa pamoja. Kweli, bila mvutano, na bila kitu cha kuzibana, zote zingetawanyika kama gesi tu. Ila ukiuliza molekuli zimejipangaje humo ndani zikiwa zimebanana, jibu liko kwingine.

Chukua argoni, gesi ambayo molekuli yake ni atomi moja tu. Atomi mbili zikiwa mbali kidogo zinavutana, zikifikia kama nanomita 0.38 (nanomita ni sehemu ya bilioni ya mita) hapo zimetulia, zikaribishe kidogo tu kuliko hapo zinasukumana kwa nguvu inayopanda ghafla mno. Sasa ndani ya argoni iliyo kimiminika, tuseme kwenye kelvini 85 hivi (kama nyuzi 188 za Selsiasi chini ya sifuri), kila atomi ina majirani kama kumi na mbili, huyu anaivuta kushoto yule kulia, wengine juu na chini, mwishowe mivuto yote karibu inafutana. Kinachobaki ni swali moja: nafasi iko wapi? Majirani wa kwanza wanajaa pembeni yake, wa pili wanalazimika kukaa nyuma yao, halafu baada ya tabaka chache mpangilio unapotea.

Mwaka 1971 wanasayansi Weeks, Chandler na Andersen waliigawa kwenye mahesabu hiyo nguvu kati ya atomi, kuvutana kando na kusukumana kando, wakabaki na sehemu ya kusukumana peke yake, na mpangilio waliopata ukakaribiana sana na ule wa nguvu nzima, kwangu mimi hayo ni kati ya matokeo mazuri kabisa kwenye fizikia. Na hata kabla yao, 1957, wanasayansi wengine, Alder na Wainwright, walionyesha kwa kompyuta kwamba mipira migumu isiyovutana hata chembe inaganda yenyewe ikibanwa vya kutosha, yaani ikishajaza kama nusu ya nafasi iliyopo. Hakuna mvutano wowote na bado inaganda!

Maji lakini usiyaingize humu. Bondi za haidrojeni, yaani mvutano kati ya haidrojeni ya molekuli moja ya maji na oksijeni ya nyingine, zina mwelekeo, kwa hiyo hazifutani kirahisi hivyo, molekuli moja inaridhika na majirani kama wanne tu na nafasi inabaki wazi, ndo maana barafu inaelea.

Na hata kwenye argoni mvutano una kazi yake, nenda pale juu kwenye uso wa kimiminika uone: atomi ya pale ina majirani chini na pembeni lakini juu hamna kitu, mivuto haifutani tena, inavutwa ndani, na matone yanakuwa duara.