Nauli ya pili

Alhamisi moja mwezi wa nne, saa mbili kasoro usiku, mvua ikimwagika, matatu yetu ya kutoka mjini Nairobi kwenda Githurai ilifika Roysambu, kabla ya Githurai, na kondakta akagonga bodi mara mbili. "Mwisho hapa. Jam imekataa." Ndani tulikuwa thelathini na watatu. Wote tulikuwa tumelipa shilingi 100 mjini, na wote tulikuwa tumeambiwa Githurai. Mzee aliyekaa kiti cha nyuma akauliza, "Kijana, si ulisema Githurai?" Akajibiwa, "Mzee wangu, shuka tu, gari ziko." Gari zilikuwako kweli, kwa shilingi 30 nyingine. Mbele yangu mama mwenye mtoto mgongoni alifungua kiganja chini ya taa, akahesabu sarafu alizobaki nazo: moja ya kumi, mbili za tano. Akakaza leso, akavuta ncha yake kumfunika mtoto kichwa, akashika njia ya pembeni kwa miguu. Gari letu likageuza kurudi mjini, ambako nauli ilikuwa imeshafika 150.

Kazi yangu ni kupanga uchukuzi wa mijini. Tukiwa ofisini tunaposema "mabadiliko ya huduma", huwa tunafikiria ramani, tangazo la kaunti na kituo kipya cha matatu. Abiria wa Nairobi hukutana na mabadiliko ya huduma namna ile niliyoeleza, karibu kila jioni ya mvua, bila tangazo. Nimekaa kwenye steji nyingi na daftari nikiuliza watu wanataka nini, na jambo wanalolirudia kuliko usafi wa gari, kuliko kelele za muziki, kuliko hata mwendo wa dereva, ni hili: nilipe mara moja, nifike. Nauli ya pili ndiyo inayowaumiza. Nauli ya kwanza mtu ameipangia tangu mwisho wa mwezi. Ya pili inatoka kwenye unga.

Ili kuelewa kwa nini kondakta yule aligonga bodi Roysambu, lazima ujue hesabu ya mdosi, yaani mwenye gari. Mdosi hukubaliana na dereva kiasi atakachopelekewa jioni. Kinachozidi, baada ya mafuta, manamba (wapigadebe) wa steji na vile "vitu vidogo", yaani hongo, vya njiani, ndio mshahara wa dereva na kondakta. Saa mbili usiku, huku mvua inanyesha, mjini kuna foleni ya watu walio tayari kulipa 150, na kati ya Roysambu na Githurai kuna msongamano usio na pesa. Kugeuza ndiyo hesabu ya kawaida ya mtu asiye na mshahara. Sisemi hivi kumtetea. Nilikuwa nimelowa kama wengine. Nasema kwa sababu kila mara serikali inapotangaza itanyoosha matatu, huanza na tabia ya kondakta na kuacha hesabu inayomsukuma.

Sheria za John Michuki, waziri wa uchukuzi wa wakati huo, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004 zilituletea mikanda, vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, na ule mstari wa manjano. Zilisaidia, na walioabiri matatu kabla ya hapo wanakumbuka kusimama wamekunjika shingo. Lakini kwa vitendo namna gari linavyopata pesa haikubadilika.

Na haikubadilika kwa sababu hatujawahi kuamua kwamba jiji linapaswa kulipia basi. Kampuni ya Kenya Bus Service ilianza mwaka 1934. Mwaka 1966 baraza la jiji liliipa haki ya kubeba abiria peke yake, na lenyewe likachukua asilimia 25 ya hisa, yaani lilitarajia basi liliingizie pesa. Mabasi hayo hayakufika mitaa mipya iliyokuwa ikiota pembezoni. Matatu zilifika, kinyume cha sheria, hadi Rais Jomo Kenyatta alipoziruhusu mwaka 1973. Serikali ilijaribu mabasi ya Nyayo kuanzia 1986, nayo yakafa miaka ya tisini. Tangu hapo aliyeufadhili usafiri wa basi na matatu Nairobi ni karibu mmoja tu: aliyeketi kwenye kiti na noti mkononi.

Wengi hushtuka nikisema hivyo, kwa hiyo tupige hesabu. Kila lita ya mafuta ina ushuru wa matengenezo ya barabara wa shilingi 25, uliopandishwa kutoka 18 Julai 2024. Chukua matatu inayochoma lita 40 kwa siku. Hiyo ni shilingi 1,000. Ikibeba abiria 400 siku hiyo, kila mmoja amechangia shilingi mbili na nusu kabla hatujafika kwenye VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya mafuta, iliyopandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16 mwaka 2023, na kabla ya ada ya maegesho ambayo gari hulipa kaunti. Pesa hizo hukarabati lami inayotumiwa pia na gari dogo lenye mtu mmoja. Mwaka 2025 shilingi 7 kati ya hizo 25 ziliwekwa rehani ili kulipa madeni ya wakandarasi wa barabara. Hakuna sehemu yake inayorudi kumhakikishia yule mama gari la kwenda Githurai saa mbili usiku. Kwa hiyo mtu akiniambia Kenya haina pesa ya kutoa ruzuku kwa mabasi, mimi humwonyesha kwamba abiria tayari anatoa ruzuku kwa barabara.

Turudi kwenye mabadiliko yanayokuja kwa tangazo. Tarehe 3 Desemba 2018 matatu zilizuiwa kuingia katikati ya jiji. Watu walitembea kutoka Ngara na Muthurwa, wazee, wajawazito, watu wenye magongo, na agizo lenyewe halikumaliza siku mbili. Wazo halikufa, maana vituo vya pembeni vilijengwa baadaye, Green Park kikiwa kimojawapo, kwa ajili ya magari ya upande wa Ngong Road na Lang'ata.

Ninakubali kwamba barabara za mjini za Tom Mboya na Ronald Ngala haziwezi kuendelea kuwa gereji la wazi. Lakini tazama ramani. Njia zetu karibu zote huingia mjini kama waya za gurudumu la baiskeli zinavyoingia katikati. Kibarua wa Kawangware anayefanya kazi Eneo la Viwanda hana gari la moja kwa moja. Lazima abadilishe mjini. Ukiyasimamisha magari ya magharibi Green Park na ya mashariki Muthurwa, umemwekea katikati ya safari karibu kilomita mbili ambazo atazitembea au kuzilipia. Tayari takriban safari nne kati ya kumi jijini humu ni za kutembea kwa miguu, na wengi wanaotembea hufanya hivyo kwa sababu ya nauli.

Nilipokuwa nikikusanya maoni kuhusu vituo hivi, mama mmoja wa Kawangware anayenunua sukuma wiki soko la Marikiti alfajiri alinitazama kama mtu asiyeelewa jambo dogo. "Mimi nitatembea," akasema. "Gunia halitembei." Akanihesabia kwa vidole: mkokoteni kutoka sokoni hadi Green Park, mtu wa kumpandishia gunia, kisha nauli yake, kisha nauli ya gunia. Alipomaliza, faida ya fungu la kwanza na la pili ilikuwa imekwisha. Sijawahi kuona hesabu hiyo kwenye ripoti yoyote ya wahandisi niliyopewa niisome.

Haipo kwa sababu mama yule hakualikwa. Katiba ya 2010 inataka umma ushirikishwe, na Jedwali la Nne linaikabidhi kaunti usafiri wa umma barabarani. Kikao kimoja cha maoni nilichohudhuria kilifanyika Jumatano saa nne asubuhi, kwenye ukumbi wenye viti vilivyofunikwa vitambaa. Walikuwapo maafisa wa Sacco (vyama vya wenye matatu), wahandisi, na sisi wataalamu. Wenye kupanda gari saa kumi na moja alfajiri walikuwa kazini. Kikao kikaandikwa kwamba umma umekubali.

Ninachopendekeza si kigeni kwa miji inayoendesha mabasi vizuri: mlipe mwenye gari kwa kilomita alizokwenda kwa ratiba, hata kama viti vitatu ni vitupu, na nauli ikusanywe kwenye mfuko wa pamoja. Kondakta akiwa na mshahara, Roysambu haina faida yoyote kwake kuliko Githurai. Tiketi moja inaweza kumvusha abiria kutoka gari moja hadi jingine. Tungeanza na njia moja tu, saa za jioni hadi saa nne usiku, na sehemu ndogo ya ule ushuru wa mafuta.

Kadi za nauli zilijaribiwa mwaka 2014 zikakataliwa, na watu hulaumu makanga. Mimi naona sababu nyingine pia: kadi haikumpa abiria chochote. Nauli ilikuwa ileile, na ukibadilisha gari unalipa upya. Ingemfutia nauli ya pili, abiria wenyewe wangeidai.

Kuhusu mabasi ya mwendo kasi, nitasema kidogo. Majina mazuri ya njia zake yapo, Ndovu, Simba, Chui, Kifaru, Nyati, na vituo vilivyoanza kujengwa katikati ya Thika Road vimekaa miaka bila basi. Dar es Salaam walianza Mei 2016, na abiria walifurahi, kisha mabasi yakapungua na foleni za Kimara zikawa ndefu kuliko safari yenyewe. Mikopo hujenga zege kwa urahisi. Kinachosumbua ni pesa za kila siku za kuendesha, na hizo ndizo ambazo bado sijaziona kwenye bajeti yetu.

Mwezi uliopita niliandika kuomba kikao kijacho kifanyike steji ya Kayole, Jumamosi saa kumi na mbili jioni. Nikajibiwa kwa simu, kwa upole, kwamba kule hakuna viti. Nimewaambia abiria husimama saa nzima pale kila siku, na kwamba nitabeba daftari na taa mwenyewe.