Swali Lisilo na Namba Si Mtego

Lalamiko lile lile limenifikia tena, na safari hii limetoka kwa mwalimu wa fizikia mwenye uzoefu wa kutosha. Anasema jaribio nililotunga halina hesabu, kwa hiyo halipimi fizikia bali ujanja wa kusoma maswali. "Maswali ya mtego," ndivyo yanavyoitwa. Nimelijibu lalamiko hili pembeni kwa upole mara nyingi. Leo nalijibu kwa kirefu, kwa sababu imani iliyo nyuma yake inawaumiza wanafunzi: kwamba anayepata namba sahihi ameelewa, na kwamba swali lisilohitaji kikokotoo ni rahisi au ni la hila.

Chukua swali la kwanza kabisa la jaribio hilo. Mpira umerushwa wima kwenda juu. Umeshatoka mkononi na bado unapanda. Tuache ukinzani wa hewa. Ni kani zipi, yaani misukumo au mivuto ipi, zinazouathiri mpira wakati huo?

Ni moja tu: uvutano wa Dunia, kuelekea chini. Hakuna nyingine. Lakini wengi sana huchora mishale miwili, mmoja mfupi wa uvutano unaoelekea chini, na mwingine mrefu unaoelekea juu, wenye jina kama "kani ya mtupo" au "kani ya mkono". Wanaeleza kwamba kani hiyo ya juu hupungua polepole, kileleni inalingana na uvutano, kisha uvutano unaishinda na mpira unarudi. Ni maelezo yenye mpangilio mzuri, na yote si kweli.

Sasa mpe mtahiniwa huyo huyo swali lenye namba. Mpira umerushwa wima kwa mwendokasi wa mita 20 kwa sekunde, g, yaani mchapuko wa uvutano (kiasi ambacho kasi hubadilika kila sekunde), ni 10, utafika kimo gani? Ataandika v² = u² − 2gs, atapata mita 20, na atapewa alama zote. Muulize utachukua muda gani kufika huko. Sekunde 2, alama zote tena. Mlinganyo haumuulizi anaamini nini kuhusu kani. Ile kani ya mtupo inabaki imejificha ndani ya kichwa chake, na sasa ina cheti. Kwa hiyo namba ndiyo inayoficha. Nikiziondoa namba, sitegi mtu, naondoa pazia.

Hapa kuna jambo linaloniudhi kuliko yote, na linatoka kwa wasahihishaji wenzangu. Wanasema, "Anaposema kani ya mtupo, anamaanisha momenta, mpe alama." Hapana! Momenta ni tungamo mara kasi na kani ni tungamo mara mchapuko. Vipimo vyake ni tofauti, lakini hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba momenta ndiyo inayobadilishwa, na kani ndiyo inayobadilisha. Mtu anayechora momenta kama mshale wa kani unaoshindana na uvutano hajakosea jina. Anaamini kwamba mwendo unahitaji kitu cha kuusukuma muda wote, na kitu hicho kikiisha, mwendo unaisha. Hiyo ndiyo imani ambayo sheria ya kwanza ya Newton iliandikwa kuifuta, mwaka 1687. Ukimpa alama kwa huruma, umemwambia kwamba hakuna cha kufuta.

Wala sisemi ni ujinga. Katika karne ya 14 Jean Buridan, mwanafalsafa wa Paris na mmoja wa vichwa bora vya zama zake, alifundisha kwamba mrushaji hutia ndani ya kitu msukumo fulani unaokiendesha baada ya kutoka mkononi. Maisha ya kila siku yanatufundisha hivyo hivyo, kwa sababu msuguano upo kila mahali na kila tunachoacha kukisukuma husimama. Mwanafunzi anakuja darasani akiwa na nadharia kamili, iliyomtumikia tangu utotoni. Haiondoki kwa kuimbishwa F = ma.

Kipimo ninachokitumia ni kifupi: kila ukichora kani, taja kitu kinachoitoa. Uvutano unatolewa na Dunia. Kani ya meza kwenye kitabu inatolewa na meza. Kani ya mtupo, mpira ukiwa hewani, inatolewa na nani? Mkono haugusi tena. Kama huna jina la kumpa mtoaji, futa mshale. Kipimo hiki kinaua pia "kani ya inesha" (inesha ni tabia ya kitu kuendelea na hali yake ya mwendo, si kani), na kinamkamata anayesema kwamba uzito wa kitabu na kani ya meza ni jozi ya tendo na mjibizo ya sheria ya tatu ya Newton. Si jozi hiyo. Zote mbili zinakihusu kitabu kile kile, ilhali jozi ya sheria ya tatu siku zote huwa kwenye vitu viwili tofauti. Mjibizo wa uvutano wa Dunia juu ya kitabu ni uvutano wa kitabu juu ya Dunia.

Na kileleni? "Mpira umesimama, kwa hiyo mchapuko ni sifuri." Kama kasi ni sifuri na mchapuko nao ni sifuri, mpira ungebaki kuning'inia hapo milele. Tuendelee.

Wanaodhani nimebuni tatizo watazame rekodi. Mwaka 1992 David Hestenes, Malcolm Wells na Gregg Swackhamer walichapisha jaribio la dhana za kani, maswali ya kuchagua yasiyo na hesabu, ambayo majibu yake potofu yametokana na imani halisi za wanafunzi. Eric Mazur, profesa wa Harvard, aliwapa wanafunzi wake jaribio hilo akitarajia walimalize bila shida, na matokeo yakamshtua. Baadaye aliweka swali la dhana na swali la hesabu katika mtihani mmoja, yote mawili kuhusu mikondo ya umeme ya aina moja. La hesabu, lililoonekana gumu, walilifanya vizuri zaidi. Mwaka 1998 Richard Hake alikusanya takwimu za majaribio ya aina hiyo kwa wanafunzi zaidi ya 6,000 kutoka kozi 62. Katika kozi za mihadhara ya kawaida, wanafunzi kwa wastani walipata asilimia 23 tu ya kile ambacho wangeweza kukipata kati ya jaribio la mwanzo na la mwisho. Katika kozi zilizowalazimisha kujadiliana na kutabiri, ilikuwa asilimia 48.

Jaribio hilo la dhana za kani nalo lina wapinzani wake, na hoja yao si nyepesi. Douglas Huffman na Patricia Heller waliuliza mwaka 1995 linapima nini hasa, kwa sababu majibu ya wanafunzi hayakujipanga katika makundi ya dhana yaliyodaiwa. Swali hilo linanisumbua hadi leo. Inawezekana mwanafunzi hana nadharia moja potofu, bali ana vipande vipande vinavyoamshwa na sura ya swali: ukichora mpira anajibu hivi, ukichora roketi anajibu vile. Kama ni hivyo, alama moja ya jumla inasema kidogo kuliko tunavyotaka iseme. Ndiyo maana chini ya kila swali naacha mistari miwili ya "eleza sababu", na mistari hiyo naiamini kuliko herufi iliyozungushiwa duara.

Kuna shaka nyingine ambayo vitabu vinaipitia kimya kimya. Uzito ni nini? Vingine vinasema ni kani ya uvutano. Vingine vinasema ni kile kinachosomwa na mizani. Kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga, kilomita 400 hivi juu, uvutano wa Dunia bado ni karibu asilimia 90 ya ule wa huku chini. Kwa tafsiri ya kwanza mwanaanga ana uzito mkubwa tu. Kwa ya pili hana kabisa, kwa kuwa anaanguka pamoja na kituo na mizani haisomi kitu. Zote mbili zinatetewa na watu makini, kwa hiyo sina haki ya kumnyima mtu alama. Kwenye majaribio yangu silitumii neno hilo. Naandika "kani ya uvutano" au "kipimo kinachoonyeshwa na mizani", basi.

Kwenye joto swali ninalolipenda ni hili. Vipande viwili vinene, kimoja cha aluminiamu na kingine cha mbao, vimekaa siku nzima katika chumba kimoja. Ukivigusa, aluminiamu inahisika baridi zaidi. Unaweka kipande cha barafu juu ya kila kimoja. Ipi itayeyuka kwanza?

Anayeamini kwamba aluminiamu ina halijoto ya chini atasema barafu ya juu yake itadumu. Itayeyuka haraka zaidi, tena unaweza kuiona ikipungua. Vipande vyote viwili vina halijoto ya chumba. Ngozi haipimi halijoto ya kitu unachokigusa. Inahisi joto linavyoihama. Aluminiamu hupitisha joto zaidi ya mara elfu moja kuliko mbao, kwa hiyo inaunyang'anya mkono joto haraka, na kwa sababu hiyo hiyo inaipelekea barafu joto haraka. Lazima useme vipande ni vinene, kwa kuwa kuyeyusha kilo moja ya barafu kunahitaji jouli 334,000 hivi, na bati jembamba halina akiba kubwa ya joto. Mwanafunzi anaweza kukokotoa mcΔT, fomula ya joto, kurasa tatu bila kukutana na swali hili hata mara moja. Kuhusu maji yanayochemka, ambayo "yanazidi kuwa ya moto ukiongeza moto", sitapoteza muda. Yanachemka kwa nguvu zaidi kwa halijoto ile ile, na mvuke unaondoka na nishati yote ya ziada.

Optiki sasa, na hapa nalaumu michoro. Lenzi mbinuko inatupa taswira ya taa kwenye skrini. Funika nusu ya juu ya lenzi kwa karatasi nyeusi. Nini kinatokea kwenye skrini? Fred Goldberg na Lillian McDermott waliwauliza wanafunzi wa vyuo swali la aina hii na wakachapisha majibu mwaka 1987: wengi walitarajia nusu ya taswira itoweke, hata waliokwisha kufundishwa somo lenyewe. Ukweli ni kwamba taswira inabaki nzima, ila inafifia. Kila nukta ya taa inatuma mwanga kwenye kila sehemu ya lenzi, na kila sehemu ya lenzi inajenga taswira nzima.

Kosa hili linapandwa na ile miale mitatu tunayowafundisha kuchora: mmoja sambamba na mhimili, mmoja unaopita katikati, mmoja unaopita kwenye fokasi. Ni miale ya kurahisisha uchoraji tu, tumeichagua kwa sababu njia zake zinajulikana bila kukokotoa. Mwanafunzi anaondoka akidhani mwanga ni miale hiyo mitatu, na ukiziba njia ya mmoja, taswira imevunjika. Ningeomba kila mwalimu, baada ya kuchora mitatu, achore mingine kumi inayopita popote kwenye lenzi na kukutana pale pale. Kisha aulize: skrini ikiondolewa, taswira iko wapi? Iko pale pale hewani, na jicho lililokaa nyuma yake kwa umbali wa kutosha litaiona. Fomula ya lenzi, 1/f = 1/u + 1/v, haimwambii mtu lolote kati ya haya.

Nimeacha chembe ndogo za maada mwisho kwa sababu huko ndiko utetezi wangu wa maswali yasiyo na namba unapopata taabu.

Maswali mengi ya chembe yanayotungwa ni ya kukariri. Protoni, chembe ya kiini cha atomi, ina kwaki (chembe ndogo zaidi) mbili za juu na moja ya chini. Chaji ni 2/3 + 2/3 − 1/3, jumla 1. Hiyo ni hesabu ya sehemu, si fizikia. Nauliza badala yake: tungamo la protoni ni karibu MeV 938 (MeV ni kizio cha nishati kinachotumika kupimia tungamo la chembe), na tungamo la kwaki zake tatu zikijumlishwa ni karibu MeV 9. Zilizobaki ziko wapi? Namba zipo, lakini hakuna fomula ya kuzichomeka. Tangu chembe ya Higgs ilipotangazwa CERN, maabara ya chembe ya Ulaya, mwaka 2012, jibu linalokuja mbio ni kwamba Higgs hutoa tungamo la vitu vyote. Uga wa Higgs unahusika na hiyo asilimia moja ya kwaki, pamoja na elektroni na nyinginezo. Sehemu kubwa sana ya tungamo la protoni, na kwa hiyo la mwili wako, ni nishati ya mwendo wa kwaki na ya uga wa gluoni unaozifunga. Swali hilo nalitetea popote.

La elektroni silitetei. Wanafunzi huchora elektroni zikizunguka kiini kama sayari. Najua kwa nini mchoro huo haufai: kwa fizikia ya kawaida, elektroni inayozunguka ingepoteza nishati kwa kutoa mwanga na kuangukia kiini chini ya sehemu moja ya bilioni ya sekunde, tatizo ambalo mwanafizikia Niels Bohr alilizunguka mwaka 1913 kwa kuamuru tu kwamba haitokei. Lakini nikiandika machaguo manne, lililo sahihi niliandikeje? "Elektroni ni wingu" halifai, kwa kuwa ukiipima unaikuta mahali pamoja, nzima. "Elektroni iko kila mahali kwa wakati mmoja" ni kusema zaidi ya tunachokijua. "Tuna fankisheni inayotupa uwezekano wa kuikuta hapa au pale" ni sahihi, na mwanafunzi asiye na hisabati yake atalichagua kwa sababu ndilo refu kuliko yote. Wanafizikia wenyewe hawajakubaliana fankisheni hiyo inawakilisha nini, na kwenye mwongozo wa kusahihishia hakuna mahali pa kuandika hilo. Kwa toleo lijalo nimeliondoa swali la elektroni, nikabakiza lile la protoni. Mwenye chaguo la nne analoweza kulitetea mbele ya mwanafunzi mdadisi, aliandike hapo chini.