Mitetemo inayofuata tetemeko: tunasoma nini ndani yake, na wananchi wanatusaidiaje

Kila ardhi inapotikisika Mbeya, usiku hauishi kabla ujumbe wa sauti haujazunguka kwenye makundi ya WhatsApp: wataalamu wamesema kubwa linakuja saa nane, msilale ndani. Watu wanatoka na watoto wachanga kwenye baridi ya Uyole, wanakesha, saa nane inapita. Sisi wataalamu wa matetemeko hatujasema hivyo, wala hatuwezi kusema. Hakuna nchi duniani inayoweza kutabiri siku na saa ya tetemeko, hata Japani. Tunachoweza ni kulipima lililokwisha kutokea pamoja na mitetemo inayolifuata, na humo mna habari nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Matetemeko mengi ya Bonde letu la Ufa ni ya kuachana: miamba inavutwa, upande mmoja unashuka. Milima ya Livingstone inavyosimama wima juu ya Ziwa Nyasa ni kazi hiyo, iliyochukua mamilioni ya miaka. Aina nyingine ni ya mserereko wa kando, ambapo pande mbili za ufa zinapishana kama magari mawili barabarani. Mstari wa mikahawa uliokatizwa na ufa wa namna hiyo utaukuta umekatika, nusu yake imehamia kulia au kushoto. Tarehe 28 Machi 2025 huko Myanmar, kwenye tetemeko la ukubwa wa 7.7, kamera ya ulinzi ilinasa jambo hilo likitendeka: ardhi ya upande mmoja ilihama zaidi ya mita 2 kwa muda unaozidi sekunde moja kidogo tu. Ile habari ya ardhi kufunguka, kumeza watu na kujifunga tena, naomba tuiache. Kinachoua ni nyumba.

Kwa nini aina hii itushughulishe sisi? Mbeya ipo mahali mabonde matatu yanapokutana: Rukwa, Nyasa na Usangu. Ufa wa Rukwa umelala kutoka kaskazini magharibi kwenda kusini mashariki, na wanajiolojia wamebishana miaka mingi ni kiasi gani unashuka na ni kiasi gani unaserereka, kwa sababu kuna miamba yenye michubuko iliyolala, ushahidi kwamba ilisuguana kwa kando. Eneo hilohilo la Rukwa ndilo lililotikiswa tarehe 13 Desemba 1910 na tetemeko la ukubwa wa takriban 7.4, mojawapo ya makubwa kabisa yaliyopimwa Afrika Mashariki.

Aina ya tetemeko tunaijua kwa kutazama msukumo wa kwanza uliofika kwenye kila kituo chenye kifaa cha kupimia mitetemo. Vituo vingine vinasukumwa juu, vingine vinavutwa chini. Kwa tetemeko la mserereko, ukivichora kwenye ramani eneo linagawanyika kama chapati iliyokatwa vipande vinne: msukumo, mvuto, msukumo, mvuto. Tatizo ni kwamba mikato ni miwili, na yoyote kati yake inaweza kuwa ndiyo ufa wenyewe. Mitetemo midogo ndiyo inayoamua. Tukiweka nukta kwa kila mmoja, baada ya siku kadhaa nukta zinajipanga juu ya mkato mmoja, nasi tunajua ufa umeelekea wapi na una urefu gani. Ndiyo maana tunapeleka vipimo vya ziada haraka. Mtetemo ambao haukupimwa haurudi.

Umbali nao ni hesabu rahisi. Wimbi la haraka linafika kwanza, la polepole linafuata, na kila sekunde moja kati yao ni takriban kilomita 8. Zikipita sekunde 15, chanzo kiko kama kilomita 120, yaani kutoka Mbeya mjini hadi maeneo ya Karonga, Malawi.

Mjapani Fusakichi Omori alionyesha mwaka 1894 kwamba mitetemo hii hupungua kwa kanuni: ikiwa 100 siku ya kwanza, siku ya kumi tarajia kama 10. Mkubwa kati yake kwa kawaida huwa na ukubwa ulio chini ya ule wa tetemeko kuu kwa takriban 1.2. Nasema kwa kawaida. Karonga mwaka 2009 ilianza kutikisika tarehe 6 Desemba, na tetemeko kubwa kuliko yote, la 6.0, likaja tarehe 19. Uturuki, Februari 2023, tetemeko la 7.8 lilifuatwa na la 7.5 baada ya muda wa saa tisa hivi, yote mawili ya mserereko. Kwa hiyo hamtatusikia tukisema "limeisha". Na tukibadilisha ukubwa tuliotangaza kutoka 5.2 kuwa 5.0, hatufichi kitu. Takwimu za vituo vingine zimeingia.

Nyumba ya tofali za kuchoma zilizojengwa kwa udongo, isiyo na linta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha), ikipata ufa, msilale ndani hadi ikaguliwe. Weka alama ya penseli kwenye ncha zote mbili za ufa na uandike tarehe na saa. Piga picha ukiwa umeweka sarafu kando yake. Kisha toa taarifa kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji, naye aipeleke kwa mtendaji wa kata, mtendaji aiwasilishe kwenye kamati ya usimamizi wa maafa ya wilaya. Taarifa iwe na jina la kitongoji au mtaa, saa kamili, ulikuwa ndani au nje, vitu vilivyoanguka na mtikisiko ulidumu muda gani. "Lilikuwa kubwa sana" haitusaidii. "Vikombe vilianguka kabatini, ukuta haukupasuka" inatusaidia sana. Hata ambaye hakusikia chochote atoe taarifa, maana naye anatuchorea mpaka wa eneo lililotikisika.

Kuhusu wanaorekodi zile sauti za kutabiri saa ya tetemeko: kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinakataza kuchapisha kwenye mfumo wa kompyuta taarifa za uongo kwa kujua kuwa ni za uongo na kwa nia ya kupotosha. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Ujumbe ukikufikia na una saa ya tetemeko ndani yake, usiusambaze. Muulize mtendaji wako kama kuna tangazo rasmi.