Kwa nini Njia Nyeupe inatoka kali Tongoni halafu Amboni inagoma?

Je wajua kwa nini ukipiga picha ya nyota ukiwa Raskazone, hapa Tanga mjini, anga linatoka rangi ya chungwa, ila ukisogea Tongoni, kilomita kama 17 tu kwa barabara ya Pangani, ule mkanda wa nyota tunaouita Njia Nyeupe unajaa picha nzima?

Wengi wanalaumu simu, eti kimeo. Hapana bwana, ni taa. Mwanga wa mjini unapanda juu, unagonga vumbi na mvuke wa bahari, unatawanyika, basi anga zima linafifia na nyota dhaifu zinamezwa.

Ila giza tu halitoshi, kuna suala la upande, na hapa ndo watu wanapigwa chenga. Sehemu nene ya Njia Nyeupe, yaani kitovu cha galaksi yetu (lile kundi kubwa la nyota ambamo jua letu limo), kwa sisi wa huku inapita kusini, katikati ya Julai saa nne na nusu usiku hivi inakuwa imefika juu kabisa. Tongoni iko kusini ya mji, kwa hiyo mwanga wa Tanga unabaki mgongoni kwako. Mapango ya Amboni yako kaskazini, ni karibu na kila mtu anakimbilia huko, halafu ukielekeza kamera kusini unapigana na taa za mji mzima. Mimi Amboni naenda mchana, kuona mapango.

Chagua siku za mwezi kuandama, zile watu wanabishana umeonekana au bado. Lakini kumbuka ndo bamvua hiyo, maji yanajaa sana na kupwa sana, saa nne usiku maji yamekupwa mbali na vidimbwi vinabaki vinang'aa nyota, raha tupu, ila alfajiri yanarudi kwa fujo, sasa wewe sinzia na stendi yako pale mchangani uone. Masika sahau, mawingu matupu.

Ukifika zima tochi, usichungulie WhatsApp, macho yanataka dakika 20 mpaka 30 kuzoea giza. Hata hivyo utaona kama wingu la kijivu tu, rangi hakuna, kwa sababu seli za jicho zinazofanya kazi gizani hazitofautishi rangi. Kamera inakusanya mwanga kwa sekunde 20 mfululizo ndo maana inatoa rangi ambazo wewe hukuziona. Usizidishe sana hizo sekunde, dunia inazunguka digrii moja kila dakika nne na nyota zitaanza kuchora vistari.

Ukivitaka vistari makusudi, geuza kamera mashariki baharini uendelee kupiga saa nzima, nyota zinatoka majini zimenyooka karibu wima. Yale maduara ya vistari vya nyota ya kwenye mtandao mengi ni ya watu wa kaskazini wanaolenga Nyota ya Kaskazini, ambayo nyota nyingine zinaonekana kama zinaizunguka, na sisi tuko digrii 5 kusini ya ikweta, hiyo nyota iko chini ya upeo, hatuioni. Duara letu lipo upande wa kusini, ila kitovu chake kiko chini mno: nyoosha mkono, weka vidole vitatu vilivyolala juu ya mstari wa upeo, hapo hapo, kwa hiyo nusu yake ya chini karibu yote imezama.